Charles-Édouard Brown-Séquard

Charles-Édouard Brown-Séquard (Port Louis, Morisi, 8 Aprili 1817 – Paris, Ufaransa, Aprili 1894) alikuwa daktari na mwanafiziolojia aliyechunguza kazi za neva, ugwemgongo na tezi za mwili. Alizaliwa katika kisiwa cha Bahari ya Hindi, akafanya kazi Ufaransa, Uingereza na Marekani. Anahesabiwa kati ya waanzilishi wa endokrinolojia, yaani elimu ya homoni.

Jina lake limebaki katika vitabu vya tiba kwa sababu ya ugonjwa wa ugwemgongo unaoitwa sindromu ya Brown-Séquard. Lakini watu wengi wa zama zake walimfahamu kwa jambo lingine: mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 72, alitangaza kwamba amejidunga sindano ya majimaji ya korodani za wanyama na kurudiwa na nguvu za ujana. Jaribio hilo lilikuwa na kosa kubwa. Hata hivyo wazo lililokuwa nyuma yake, kwamba viungo vya mwili humwaga katika damu vitu vinavyobadilisha nguvu, hisia na tabia, lilikuwa sahihi, na limekuwa msingi wa utafiti mwingi kuhusu homoni na ubongo.

Utoto na familia

Baba yake, Charles Edward Brown, alikuwa nahodha wa meli kutoka Philadelphia, Marekani. Alipotea baharini kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake, Charlotte Séquard, alikuwa mwenyeji wa Morisi mwenye asili ya Ufaransa. Alimlea mwanawe peke yake, tena katika hali ya umaskini. Baadaye kijana aliunganisha majina ya wazazi wote wawili, na kwa jina hilo la Brown-Séquard amejulikana hadi leo.

Waingereza walikuwa wamekiteka kisiwa cha Morisi mwaka 1810, kwa hiyo alizaliwa akiwa raia wa himaya ya Uingereza, ingawa lugha ya nyumbani ilikuwa Kifaransa. Katika utoto wake mashamba ya miwa ya kisiwani yalilimwa na watumwa, wengi wao wakiwa wametoka Madagaska, Msumbiji na sehemu nyingine za pwani ya Afrika Mashariki. Utumwa ulikomeshwa kisiwani mwaka 1835, yeye akiwa kijana wa miaka 17.

Masomo ya udaktari

Mwaka 1838 alisafiri pamoja na mama yake kwenda Paris. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuwa mwandishi wa fasihi. Alimwonyesha maandiko yake mwandishi Charles Nodier, lakini huyo hakumtia moyo, naye akageukia udaktari. Mama yake alifariki akiwa bado mwanafunzi. Msiba huo ulimrudisha Morisi kwa muda, kisha akarudi Paris kuendelea na masomo. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1846 kwa tasnifu iliyohusu ugwemgongo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Alifanya majaribio yake katika chumba alichoishi, akiwa na vifaa vichache na chakula kidogo. Hata hivyo alikuwa miongoni mwa waliokuwapo mwaka 1848 ilipoundwa Société de Biologie, chama cha wanabiolojia cha Paris, akawa mmoja wa makatibu wake wa kwanza. Katika chama hicho hicho, miaka 41 baadaye, ndipo alipotoa taarifa iliyomfanya azungumzwe duniani kote.

Uchunguzi wa ugwemgongo

Ugwemgongo ni kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo na kuunganisha ubongo na sehemu nyingine za mwili. Wataalamu wa wakati huo waliamini kwamba hisia zote hupanda kwenda kwenye ubongo kupitia sehemu ya nyuma ya ugwemgongo, kila hisia ikifuata upande wake. Brown-Séquard alikata nusu moja tu ya ugwemgongo wa mnyama, kisha akaangalia kilichopotea na kilichobaki.

Aligundua kwamba uwezo wa kusogeza kiungo ulipotea upande ule ule uliokatwa, lakini hisia za maumivu zilipotea upande wa pili. Maana yake ni kwamba nyuzi zinazobeba maumivu huvuka kwenda upande wa pili ndani ya ugwemgongo kabla ya kufika kwenye ubongo. Mwaka 1855 kamati ya Société de Biologie iliyoongozwa na Paul Broca ilichunguza majaribio hayo na kuyakubali.

Madaktari huona jambo hilo hilo kwa mtu aliyechomwa kisu mgongoni au aliyepata uvimbe unaobana upande mmoja wa ugwemgongo. Mguu wa upande ulioumia hupooza, ilhali mguu wa pili hutembea vizuri lakini hausikii moto wala sindano. Hiyo ndiyo sindromu ya Brown-Séquard.

Mwaka 1852 alionyesha pia kwamba umeme ukipitishwa katika neva fulani za shingoni, mishipa ya damu ya kichwani hujikaza. Kwa hiyo neva hutawala pia upana wa mishipa ya damu, si misuli ya viungo peke yake. Mfaransa Claude Bernard alikuwa akichunguza suala hilo wakati ule ule.

Miaka ya kuhamahama

Brown-Séquard alikuwa mfuasi wa siasa za jamhuri. Baada ya Louis-Napoléon kutwaa madaraka kwa nguvu, aliondoka Ufaransa mwaka 1852 kwenda Marekani. Huko alijikimu kwa kufundisha Kifaransa na kuzalisha wanawake, huku akitoa mihadhara. Mwaka 1853 alimwoa Ellen Fletcher wa Boston.

Mwaka 1854 alirejea Morisi. Wakati huo kipindupindu kilikuwa kikiua watu wengi kisiwani, naye akajitolea kuwatibu. Alitaka kujua kama afyuni inaweza kuzuia ugonjwa huo, kwa hiyo alimeza matapishi ya wagonjwa kisha akanywa dawa hiyo kwa wingi. Alinusurika. Wananchi wa kisiwa walimshukuru kwa nishani ya dhahabu.

Baadaye mwaka huo alipata kazi ya kufundisha fiziolojia katika chuo cha udaktari cha Richmond, Virginia. Hakukaa. Kiingereza chake kilikuwa kigumu kueleweka, na msimamo wake wa kupinga utumwa haukupendwa katika jimbo lililotegemea watumwa. Mwaka 1855 alikuwa amekwisha kurudi Paris.

Kujifanyia majaribio

Tabia ya kuutumia mwili wake mwenyewe kama maabara ilianza mapema na haikumwacha. Alipotaka kupata majimaji ya tumbo, alimeza sifongo iliyofungwa uzi kisha akaivuta nje. Kwa kurudia zoezi hilo alijisababishia tatizo la chakula kurudi kinywani baada ya kula, akadumu nalo. Inasimuliwa pia kwamba huko Richmond alijipaka vanishi mwili mzima ili ajue kazi ya ngozi, akakutwa amezimia, na mwanafunzi mmoja akamwokoa kwa kuibandua vanishi hiyo.

Habari hizi husaidia kuelewa yaliyotokea mwaka 1889. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kujijaribu yeye kwanza. Faida yake ni kwamba hakumtia mtu mwingine hatarini. Hasara yake ni kwamba mtafiti na mtafitiwa walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo tayari alijua anachotaka kukiona.

Tezi za adrenali

Mwaka 1855 daktari Mwingereza Thomas Addison alieleza ugonjwa unaomfanya mtu adhoofike, akonde, ngozi yake iwe nyeusi zaidi na hatimaye afe. Katika maiti za wagonjwa hao aliona kwamba tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo zimeharibika. Kazi ya tezi hizo za adrenali haikujulikana.

Mwaka uliofuata Brown-Séquard aliziondoa katika wanyama wa aina mbalimbali. Wanyama walikufa haraka, naye akasema kwamba tezi hizo ni za lazima kwa uhai. Wapinzani walidai kwamba wanyama waliuawa na ukali wa upasuaji, wakaonyesha kwamba baadhi ya wanyama waliotolewa tezi hizo waliendelea kuishi. Baadaye ilifahamika kwamba wanyama wengine wana vipande vya ziada vya tezi hiyo katika sehemu nyingine za mwili. Kwa jumla Brown-Séquard alikuwa sahihi: bila homoni za adrenali mwili hauwezi kudumu.

London, Harvard na Paris

Mwaka 1858 alianzisha jarida lake la fiziolojia mjini Paris. Mwaka huo huo alimtibu Charles Sumner, seneta wa Massachusetts aliyekuwa adui mkubwa wa utumwa. Mwaka 1856 Sumner alikuwa amepigwa kwa fimbo ndani ya ukumbi wa Seneti na mbunge wa South Carolina, na hakuwa amepona. Brown-Séquard aliamini kwamba ugwemgongo ulikuwa umeumia, akamchoma mgongoni kwa moto mara kadhaa bila dawa ya usingizi, kama tiba ya wakati huo ilivyoagiza. Sumner alirudi Senetini mwaka 1859, ingawa leo hakuna daktari anayehesabu kuchomwa huko kuwa ndiko kulikomponya.

Mwaka 1860 aliteuliwa kuwa daktari katika hospitali mpya ya wagonjwa wa kupooza na kifafa iliyopo Queen Square, London. Wagonjwa walimjia kwa wingi, hadi akakosa muda wa maabara. Aliondoka mwaka 1863. Kuanzia 1864 hadi 1867 alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1868, pamoja na Jean-Martin Charcot na Alfred Vulpian, alianzisha jarida lingine la fiziolojia huko Ufaransa. Alifanya kazi tena Paris, kisha New York.

Claude Bernard alipofariki mwaka 1878, Brown-Séquard alipewa nafasi yake ya uprofesa katika Collège de France, akachukua uraia wa Ufaransa. Sasa alikuwa na umri wa miaka 61, na kwa mara ya kwanza alikuwa na kazi ya kudumu. Mwaka 1886 alichaguliwa kuingia katika Akademia ya Sayansi.

Kosa la kifafa cha simbilisi

Si kila alichokitangaza kilisimama. Alipojeruhi neva za simbilisi, wale wanyama wadogo wagugunaji wanaofanana kidogo na sungura wasio na masikio marefu, baadhi yao walipatwa na degedege linalofanana na kifafa. Alidai kwamba watoto wao walirithi hali hiyo. Hata Charles Darwin aliyataja majaribio hayo katika maandishi yake kuhusu urithi. Watafiti wa baadaye hawakuthibitisha dai hilo. Leo inajulikana kwamba jeraha alilopata mzazi haliwi sifa ya kurithiwa na mtoto kwa namna aliyodhani.

Jaribio la mwaka 1889

Tangu zamani wafugaji wanajua kwamba dume akihasiwa tabia yake hubadilika. Maksai hutulia na kukubali nira, ilhali fahali hupigana na kufuata majike. Mwaka 1849 Mjerumani Arnold Adolph Berthold wa Göttingen alilichunguza jambo hili kwa majogoo. Majogoo waliotolewa korodani hawakuwika wala kupigana, na undu wao ulisinyaa. Lakini waliorudishiwa korodani tumboni, hata mbali na mahali pake pa asili na bila neva zake za awali, waliwika, wakapigana na kufuata mitetea. Ilionekana kwamba korodani huituma athari yake kwa njia ya damu. Kazi hiyo haikutiliwa maanani kwa miaka mingi.

Brown-Séquard alikuwa na wazo la namna hiyo kwa muda mrefu. Aliamini kwamba udhaifu wa wazee hutokana kwa sehemu na korodani kupunguza kile zinachotia katika damu. Mwezi wa Mei 1889 alianza kujidunga chini ya ngozi majimaji yaliyopatikana kwa kuponda korodani za mbwa na za simbilisi pamoja na maji.

Tarehe 1 Juni 1889 alisimama mbele ya Société de Biologie na kutoa taarifa. Alisema kwamba kabla ya sindano alichoka baada ya nusu saa tu ya kazi ya kusimama maabarani, na sasa aliweza kufanya kazi kwa saa nyingi, kupanda ngazi mbio na kuandika usiku. Alitoa pia vipimo. Uzito uliovutwa na mkono wake wa kulia uliongezeka kwa kilo 6 hadi 7. Hata mkojo wake ulikwenda mbali zaidi, kwa robo ya umbali wa awali. Alipoacha sindano, hali yake ya zamani ilirudi baada ya wiki chache.

Alikiri kwamba huenda mawazo yake mwenyewe yamechangia, akawaomba madaktari wengine wazee warudie jaribio hilo. Lakini magazeti hayakungoja. Habari za dawa ya kurudisha ujana zilienea Ulaya na Marekani, na wafanyabiashara wakaanza kuuza chupa za kila aina. Brown-Séquard aliwagawia madaktari majimaji hayo bure, kwa sharti kwamba wampelekee taarifa za matokeo. Hakujitajirisha, ila aliwaona wauzaji wakitajirika kwa jina lake, na wenzake wengi wakimcheka.

Kwa nini jaribio lilikuwa na kosa

Homoni ya korodani, inayoitwa testosteroni, ilipatikana katika hali safi mwaka 1935. Baada ya hapo ikawa rahisi kueleza kosa. Kwanza, korodani hazihifadhi homoni hiyo kwa wingi. Huitengeneza na kuimwaga katika damu papo hapo. Pili, testosteroni haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo kuponda korodani katika maji hutoa kiasi kidogo sana. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walitengeneza majimaji hayo kwa njia ya Brown-Séquard na kuyapima. Testosteroni iliyokuwamo ilikuwa ndogo mno kiasi cha kutoweza kuleta mabadiliko yoyote mwilini.

Basi nguvu aliyoisikia ilitoka wapi? Jibu linalokubaliwa ni athari ya plasebo: mtu akiamini kwa dhati kwamba amepewa dawa, ubongo wake waweza kumpa nafuu ya kweli. Ndiyo sababu siku hizi dawa mpya hujaribiwa kwa makundi mawili, moja likipewa dawa na jingine kitu kisicho na dawa, bila wagonjwa wala wapimaji kujua nani amepewa nini. Jaribio la mtu mmoja mwenye matumaini makubwa haliwezi kutenganisha kazi ya homoni na kazi ya imani.

Homoni, ubongo na tabia baada yake

Mwaka 1891 Brown-Séquard na msaidizi wake Arsène d'Arsonval walipanua wazo lao. Walisema kwamba tezi zote, na hata viungo vingine, humwaga katika damu vitu maalumu, na kwamba kiungo kikikosa kazi, majimaji yake yaweza kutumiwa kama tiba. Mwaka huo huo huko Uingereza daktari George Murray alimdunga mgonjwa mwenye upungufu wa tezi ya shingo majimaji ya tezi ya kondoo. Mgonjwa huyo, aliyekuwa amevimba na kuwa mzito wa mwili na wa fikra, alipata nafuu kubwa na kuishi miaka mingi. Safari hii tiba ilikuwa ya kweli, kwa sababu tezi ya shingo huhifadhi homoni yake.

Neno homoni lenyewe lilianza kutumika mwaka 1905, kwa pendekezo la Ernest Starling wa London. Walter Cannon wa Harvard alionyesha jinsi adrenali inavyouandaa mwili kupigana au kukimbia wakati wa hofu na hasira. Geoffrey Harris wa Uingereza alieleza jinsi hipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo, inavyoiongoza tezi ya pituitari kwa vitu vinavyopita katika damu. Hivyo ilieleweka kwamba ubongo huamrisha tezi, na tezi nazo huurudia ubongo.

Mwaka 1959 watafiti wa Kansas, Marekani, wakiongozwa na William C. Young, waliwapa simbilisi wenye mimba testosteroni. Watoto wa kike waliozaliwa walionyesha walipokua baadhi ya tabia za kujamiiana za madume. Ilidhihirika kwamba homoni huweza kuujenga ubongo kabla ya kuzaliwa, mbali na kuuchochea ukubwani. Mnyama aliyetumika alikuwa yule yule aliyejaza maabara za Brown-Séquard.

Kwa binadamu mambo ni magumu zaidi. Homoni haimlazimishi mtu kutenda jambo fulani. Huongeza au kupunguza uwezekano, pamoja na malezi, mazingira na mazoea. Tena tabia nayo hubadilisha homoni, kwa mfano baada ya ushindi au hofu ya muda mrefu.

Maisha binafsi na kifo

Brown-Séquard alioa mara tatu. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka 1864. Alikuwa mtu wa kuamka mapema sana na kufanya kazi kwa saa nyingi, asiyejali fedha, na mara kadhaa aliacha wagonjwa matajiri ili arudi kwa wanyama wake wa majaribio. Alifariki Paris mwezi wa Aprili 1894 akiwa na umri wa takriban miaka 77, akazikwa katika makaburi ya Montparnasse. D'Arsonval alirithi nafasi yake katika Collège de France.

Urithi wake

Mwaka ule ule aliofariki, Waingereza George Oliver na Edward Schäfer walionyesha kwamba majimaji ya tezi za adrenali hupandisha shinikizo la damu kwa nguvu. Majaribio hayo yalipimika na yalirudiwa na wengine, jambo ambalo sindano za mwaka 1889 hazikuliweza.

Wanahistoria wa sayansi hawakubaliani namna ya kumpima. Wapo wanaomkumbuka kama mzee aliyejidanganya, na wapo wanaomwita baba wa endokrinolojia. Kazi yake juu ya ugwemgongo haina ubishi na hufundishwa hadi leo katika vyuo vya udaktari. Kuhusu tezi, aliuliza swali sahihi kabla hakujawa na kemia ya kulijibu, akatoa jibu lililotangulia ushahidi. Waliomfuata waliliacha jibu lake, wakaliendeleza swali lake.